Santuri Haiwezi Lodwar

Kuna rafiki yangu Nairobi huniambia nimepotea, eti muziki wa simu ni wa plastiki. Yeye hununua santuri Kenyatta Market na kuzipangusa kama mtoto mchanga. Nilimkumbusha santuri yenyewe ni plastiki. Alininunia wiki nzima.

Na hiyo plastiki ndiyo shida. Alinipa moja ya TPOK Jazz kama zawadi. Nikaiacha dirishani, nyumba ya mabati, Lodwar, mwezi wa pili. Kufika saa nane mchana ilikuwa imejikunja kama chapati ya jana. Kosa ni langu, sikatai. Lakini ukiikinga na jua, bado kuna vumbi. Vumbi la huku huingia hadi kwa chai, sembuse zile njia nyembamba sindano inapitia?

Sasa nenda Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa. Kambi iko tangu 1992. Watu wametoka Sudan, Somalia, Congo, Burundi, wengine kwa miguu. Nani angebeba santuri? Kuna kibanda huko unapeleka memori kadi, unalipa kidogo, unajaziwa rumba mpaka inafurika. Nimeona mzee Mkongo akimsikiliza Franco kwa mulika mwizi, spika inakwaruza, macho amefumba. Haya, mwambie huyo hasikii muziki halisi.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyanya. Kabla hajatuacha nilimrekodi akiimba wimbo wa fahali wa kaka yake, dakika mbili hivi, mbuzi wakipiga kelele nyuma. Enzi zile santuri za benga zinachapwa Nairobi, hakuna aliyefika bomani kwake na maikrofoni. Santuri ya huo wimbo haipo na haijawahi kuwepo.

Najua, faili hupotea. Simu yangu ya kwanza iliingia maji ikaenda na wimbo wake mwingine, ule wa mvua. Nimejaribu kukumbuka maneno, yamekataa. Kwa hivyo huu wa fahali uko kwa simu, kwa flashi ya dadangu, na kwa binamu yangu Kakuma niliyemtumia WhatsApp. Yeye ameufanya mlio wa simu. Juzi nimempigia mara tatu ndio akashika.

"Mbona hushiki?"

"Nilikuwa nangoja nyanya amalize."