Asilimia Kati ya Dar na Dodoma

Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, nilijiwekea nadhiri ya kuipanda. Nafasi ilipopatikana nikaipanda na kazi mkononi: programu yetu ya kutuma video, ambayo ilikuwa haijaonja mtandao wowote zaidi ya Wi-Fi ya ofisini.

Kutoka Dar hadi Pugu hakuna la kusimulia, minara ya simu imebanana. Mbele ya hapo mwendo ukakolea kuelekea kilomita 160 kwa saa, nikabonyeza kutuma video ya megabaiti 24. Mara moja mstari unaoonyesha kiasi kilichotumwa ukaruka hadi asilimia 8. Nikamwuliza mwenzangu aliyekuwa ofisini akiitazama seva. Akajibu: "Kaka, huku sijaona kitu."

Ndivyo simu zilivyo. Programu huhesabu baiti inazoukabidhi mfumo wa simu. Mfumo huzilaza kwanza kwenye akiba yake, kisha huzirusha mnarani kadiri mawimbi yanavyoruhusu. Asilimia ile ilikuwa mzigo uliotoka ghalani, wala hakuna aliyeupokea.

Morogoro tulisimama kidogo. Baada ya Kilosa milima ikatukaribia, treni ikaingia handakini na mtandao ukakata. Programu iliyoandikwa kivivu hapa huanza upya kutoka sifuri na kumla mtu bando mara mbili. Sisi tulikuwa tumelikata faili vipande vya megabaiti moja, na seva hukiri kila kipande inachopokea. Tulipotoka gizani simu ikaiuliza seva imefikia wapi, ikaendelea kutoka hapo. Ila mstari, uliokuwa 58, ukashuka 54.

Mama niliyekaa naye alikuwa akiufuatilia tangu Morogoro. "Mwanangu, mbona hiyo yako inarudi nyuma?"

Nikamweleza, akaguna tu. Zipo programu ambazo mstari wake haurudi kamwe. Zinaugandisha palepale mpaka ukweli uufikie. Mimi naona huo ni ulaghai wa kistaarabu.

Nikafungua kompyuta mezani, nikaibadilisha programu yetu. Kabla ya kufika Dodoma mstari ulikuwa unapanda kwa vipande vilivyokiriwa peke yake, na 100 haiandikwi mpaka seva ijibu kwamba faili zima limehifadhiwa. Mwenzangu akaijaribu, akalalamika kuwa sasa programu inaonekana nzito. Ni nzito kweli, hasa mahandakini.