Mchezo Nao ni Kipimo

Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba wake habari za mti usiopukutisha majani, ambao mfano wake ni Muislamu. Mawazo yao yakaenda kwenye miti ya nyikani. Ibnu Umar, aliyekuwa mdogo wao, alijua moyoni kuwa ni mtende, lakini aliona haya, akanyamaza. Babake alipopata habari alitamani sana lau mwanawe angelisema. Bukhari aliiweka hadithi hiyo katika mlango wa imamu kuwauliza wenzake ili kujaribu elimu waliyo nayo. Basi kitendawili ni mtihani, na aliyenyamaza huenda ndiye ajuaye.

Nayakumbusha haya, akina mama, kwa sababu ya mwenzenu wa Ngoliba, huko Thika, aliyenilalamikia: "Mwalimu wa chuo anawachezesha tu watoto, sheikh. Hata mtihani hakuna." Nikaenda kutazama. Mwalimu alichora herufi mchangani. Hutaja sauti, na mtoto huirukia herufi yake. Binti wa mama yule, wa miaka sita hivi, ambaye akiulizwa hafungui kinywa, aliirukia jimu bila kusita, akaipambanua ha na kha. Kwenye dhali alisimama, akatazama mguu wa mwenzake, ndipo akaruka. Mwalimu akaandika daftarini: dhali bado.

Lau angalitishwa kwa bakora, tungalijua nini ila kwamba anaogopa?

Hata shuleni, tangu 2019 mtaala wa umilisi unawataka walimu wa madarasa ya chini wampime mtoto anapotenda. Na KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023.

Walakini si kila mchezo hupima. Ule wa kushindania kupaza sauti kwanza humrudisha nyuma yule yule mwenye haya. Na mwalimu asiyeandika alichokiona amecheza tu. Kisomo cha Qur'ani nacho kitabaki kusikilizwa mmoja mmoja, kinywa kwa sikio. Hapo sina mjadala. Lakini mdako, waliocheza nyanya zetu kwa kokoto, hufichua upesi nani anahesabu na nani anabahatisha.

Nilipomweleza mama yule habari ya dhali, aliuliza kama aweza kuichora uani mwake baada ya Alasiri. Nikamwambia aichore pamoja na dali, na binti aruke peke yake, pasiwe na mguu wa kutazama.