Safu Mbili Uwanjani

Mwezi wa Desemba wa mwaka 1969, nilipokuwa kijana wa miaka 16 ambaye sheria ilikuwa haijamruhusu bado kupiga kura, ami yangu alinichukua asubuhi na mapema tukatembea kutoka nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, mpaka kwenye skuli iliyofanywa kituo cha kura, yeye akiwa amevaa kanzu yake ya Idi na kofia ya viua, nami nikimfuata nyuma kwa adabu kama tuendao arusini. Ami alikuwa fundi wa milango, mtu wa maneno machache, na njia nzima hakunambia ila neno moja, kwamba leo nitamwona anaingia pahala ambapo hata mimi sitaweza kuingia pamoja naye, na akitoka nisimwulize alilofanya humo.

Uchaguzi ule uliitwa wa mchujo, na kwa hakika ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe, kwa sababu chama cha upinzani cha KPU kilikuwa kimepigwa marufuku mwishoni mwa Oktoba, na aliyeshinda ndani ya KANU, chama tawala, alikwisha kuwa mbunge bila ya kungojea kura nyingine. Lakini juu ya dhiki hiyo watu waliuendea kwa shauku kubwa, na nchi nzima wabunge wengi waliokuwamo, pamoja na baadhi ya mawaziri, waliangushwa na watu wao wenyewe, jambo ambalo wazee wa barazani kwetu walilizungumza miezi kadhaa kwa mshangao uliochanganyika na fahari.

Mgombea wa ami alianguka. Kwa siku tatu ami hakutoka barazani, hakunywa kahawa ya jioni, na karakana yake ilifungwa. Sikwambii kwamba hakuwa na tuhuma, maana alikuwa nazo tele: alizihesabu kwa vidole nyumba zilizompa ahadi mgombea wake, akazilinganisha na kura zilizotangazwa, akaona kwamba katika mtaa ule ule ambao watu waliapa mbele yake kuna wengi waliosema hivi wakatenda vile. Tuhuma yake ilimwelekea jirani, wala haikumwelekea aliyehesabu, na kwa kuwa kura ilikuwa ya siri haikupata mtu wa kumkamata kanzu. Ikazungukazunguka moyoni mwake kwa siku hizo tatu kisha ikafifia. Siku ya nne alikoga, akavaa, akenda nyumbani kwa aliyeshinda akampa mkono, akakaa kitambo, akarudi. Nilipomwuliza vipi ameweza, alinijibu, "Mwanangu, ametushinda. Nimekwenda kumwambia kwamba nimejua ametushinda, ili naye ajue kuwa nitakuja kumdai."

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu katika umri wangu wote sikuona tena mtu akifanya hivyo.

Miaka ikapita, chaguzi zikaja na kwenda, nami nikawa karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, nikahamia mbali na Mombasa katika mji mdogo ambao sitautaja. Kazi ya daftari humfundisha mtu jambo moja mapema, kwamba hesabu isiyo na risiti si hesabu, ni maneno tu. Basi nilipata wasiwasi mkubwa wajumbe wa KANU walipokubaliana, Agosti 1986, kwamba tangu sasa mchujo hautafanywa kwa kura ya siri, bali wanachama wenye kadi watasimama safu nyuma ya mgombea wamtakaye, au nyuma ya wakala aliyeishika picha yake, wahesabiwe vichwa. Na kwamba atakayepata asilimia 70 au zaidi atakuwa amekwisha kuchaguliwa, bila ya kurudi kwa wananchi katika uchaguzi mkuu. Waliolipendekeza jambo hilo walisema kuwa ni njia ya wazi, nyepesi, isiyo na gharama, tena ya Kiafrika, kwa sababu mtu mwenye haki hana haja ya kujificha. Viongozi wa makanisa, miongoni mwao maaskofu Alexander Muge na Henry Okullu, pamoja na mawakili, walionya kwamba mtu atasimamishwa mbele ya tajiri wake, mwenye nyumba wake na mwenye kumkopesha, na kwamba siri ya kura ndiyo ngao pekee aliyo nayo mnyonge. Walilaumiwa sana kwa kusema hivyo. Watu waliiita njia ile mlolongo, na jina hilo likabaki.

Siku ya mlolongo, Februari 22, 1988, nilikwenda uwanjani na kadi yangu. Picha mbili zilikuwa zimenyanyuliwa juu, moja kila upande, na katikati pana nafasi ya hatua 30 hivi, na kila aliyeingia ilimpasa aikate nafasi ile peke yake, machoni pa watu wote, mpaka afike alikokusudia. Nimewahi kutembea njia ndefu katika maisha yangu, lakini sikumbuki nyingine iliyonielemea kama ile. Mwenye duka aliyekuwa akinipa unga na sukari kwa deni mpaka mwisho wa mwezi alikuwa amesimama safu ya pili, akaniangalia nilivyopita, asiseme kitu. Na tangu siku hiyo daftari lake la madeni likawa halina tena ukurasa wangu. Mke wa jirani yetu alisimama nyuma ya picha aliyoichagua mumewe, na usiku akamnong'oneza mke wangu kwamba moyo wake ulikuwa upande wa pili tangu asubuhi. Kwa hiyo ile tuhuma ya jirani, ambayo zamani ilizunguka isipate pa kutua, sasa ilipata sura na jina, ikakaa katika mitaa yetu kama mgeni aliyekataa kwenda kwao.

Lakini hayo ningeyasamehe, laiti tungalilipwa kwa uwazi tulioahidiwa. Kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu, nilizihesabu safu zote mbili, mara mbili, polepole, na wenzangu wawili wakahesabu mbali nami: yetu ilikuwa na watu 300 na ushei, ya pili haikufika 140. Haikuhitaji elimu, mtoto aliyebebwa mgongoni angaliweza kuonyesha kwa kidole ipi ndefu. Msimamizi alipita, akahesabu kwa fimbo, akaandika katika karatasi yake, akatuamuru tutawanyike, tukatawanyika. Jua lilipokuwa likizama alisoma matokeo, na hesabu ilikuwa imegeuzwa, yao ikawa yetu na yetu ikawa yao. Baadaye tukasikia redioni kwamba katika jimbo zima mgombea yule amepita kiwango cha asilimia 70, na kwa hivyo Machi, nchi ilipokwenda kwenye kura ya siri ya uchaguzi mkuu, sisi hatukuwa na mbunge wa kumpigia.

Msomaji ambaye hakuwako asifikiri kwamba tulipiga makelele. Tulinyamaza, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko makelele, kwa sababu kila mmoja alikuwa akitafuta moyoni mwake ushahidi wa kupeleka mbele ya hakimu, asiupate. Sanduku lililoibwa huacha kufuli iliyovunjwa, na karatasi iliyobadilishwa huacha wino. Safu ya watu ikishatawanyika haiachi kitu ila nyayo mchangani, na nyayo hazina majina. Mzee mmoja alirudi uwanjani magharibi ile, akasimama pale pale alipokuwa amesimama mchana, peke yake, mpaka wanawe wakaja kumchukua.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Mombasa nikamsimulia ami, ambaye sasa alikuwa mzee wa kutembelea bakora. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa nani wa kumpa mkono?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia yule aliyetangazwa. Akatikisa kichwa, akasema kwamba yule hakushinda na wewe hukushindwa, basi mkono huo utakuwa wa nini baina yenu. Ami alifariki kabla ya kura ya siri kurudi.

Yaliyofuata yamo katika tarikh ya nchi, nami nitayapita haraka. Jarida la Beyond, la Baraza la Taifa la Makanisa, lilichapisha habari za udanganyifu ule likapigwa marufuku Machi ile ile ya 1988. Kenneth Matiba, aliyekuwa waziri, alijiuzulu Desemba akilalamikia hila katika chaguzi za chama. Mwaka 1990 kamati ya chama iliyoongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchini kusikiliza watu, na popote ilipokwenda iliusikia mlolongo ukilaaniwa, mpaka mkutano wa wajumbe wa Desemba mwaka ule ukauondoa, pamoja na ile asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa, vyama vingi vikarudi, na Desemba 29, 1992 niliingia tena peke yangu pahala pa siri, nikafunga pazia, nikasimama muda mrefu kuliko uliohitajika.

Nilidhani tumepona. Jinsi nilivyokosea nilikuja kujua miaka 25 baadaye.

Aprili 2017 mwana wa dada yangu aligombea tiketi ya chama kimoja ili awe mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, akaniomba niwe wakala wake kituoni. Karatasi za kura, zilizongojewa tangu saa 12 za asubuhi, zilifika saa 9 alasiri, na watu walikuwa wamekwisha kuwiva kwa ghadhabu na jua. Daftari la wanachama halikuonekana. Hata hivyo, kura zilipigwa, na usiku, kwa mwanga wa taa za simu, tukazihesabu karatasi moja moja juu ya dawati la darasa, nami nikiishika kila moja mkononi mwangu. Nashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba hesabu ile ilikuwa ya haki. Katika kituo kile mpwa wangu alishindwa kwa kura 43, na katika wadi nzima kwa zaidi kidogo ya hizo.

Alikuja usiku ule ule na vijana wake, nikawaeleza nilivyoona. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mpwa wangu akasema kwa upole, "Mjomba, wewe ulihesabu kilichokuwamo ndani ya sanduku. Nani alihesabu kilichotolewa?" Nikamjibu kwamba sanduku halikuondoka machoni pangu. Mwengine akauliza karatasi zilikuwa wapi tangu asubuhi hata alasiri. Mwengine akasema kwamba hata hizo kura 43 ni ishara, kwani mwizi mwerevu haibi nyingi. Na kila nililosema liligeuka likawa ushahidi dhidi yangu, mpaka nikatambua kwa uchungu kwamba maneno wanayoyasema nayajua, kwa sababu ni yangu. Ni mimi niliyewasimulia tangu utoto wao habari ya zile safu mbili, jioni baada ya jioni, barazani. Niliwafundisha kwamba macho huona hivi na karatasi husoma vile, nao wakajifunza somo lile sawasawa.

Katiba ya 2010 humruhusu mtu kugombea bila ya chama, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi mitatu kabla ya siku ya kura, na kura ilikuwa Agosti 8. Basi mpwa wangu alikuwa na siku chache tu. Akajiuzulu, akawa mgombea huru, kama walivyofanya maelfu nchini mwaka ule, akashindwa tena, akitanguliwa na watu wawili. Mpaka leo anaamini kwamba aliibiwa mara mbili. Hakumpa mkono aliyemshinda, wala aliyemshinda hakumtarajia.

Hapo ndipo nilipofahamu kitu kilichopotea uwanjani mwaka 1988. Siku ile nilidhani kwamba aliyedhulumiwa ni mgombea wetu, na sisi tuliosimama nyuma yake. Sasa naona kwamba aliyedhulumiwa zaidi ni yule atakayekuja kushindwa kwa haki baada yetu, maana amenyimwa njia ya kujua kwamba ameshindwa; na asiyejua kwamba ameshindwa hawezi kujirekebisha, hawezi kurudi kwa watu kuwauliza wamemkataa kwa lipi, na wala hawezi kwenda kumdai mshindi ahadi zake, kama ami alivyokwenda. Na mshindi wa haki kadhalika amedhulumiwa, kwa kuwa hana tena wa kumsadiki.

Mwaka 2022 vyama vikubwa viliwapa wagombea wengi tiketi za moja kwa moja, bila ya kura wala safu, kwa makubaliano ya viongozi au kwa kura za maoni ambazo sisi wanachama hatukuziona. Mpwa wangu alisema afadhali hivyo, kwamba sasa angalau hawatupotezei siku. Sijasikia katika umri wangu neno lililonihuzunisha kuliko hilo. Mtu aliyeudhika bado anataka kitu. Huyu alikuwa amekwisha kuacha kutaka.

Nawasihi wenye vyama vyetu, kabla ya mchujo mwingine kufika, wafanye mambo haya ambayo karani yeyote wa duka huyafanya kila jioni bila ya kulipwa ziada. Daftari la wanachama libandikwe nje wiki mbili kabla, watu wasome majina yao. Karatasi za kura zihesabiwe mbele ya mawakala zinapoingia, si zinapotoka peke yake. Na hesabu ya kila kituo iandikwe kwa wino, ibandikwe mlangoni kabla ya wakala yeyote kuondoka, na chini yake aandike jina lake kamili yule aliyehesabu.