Halwa na Hesabu Yake

Kitu kizuri kina maadui wawili: mtu asiyekijua, na mtu anayekijua lakini hawezi kukihesabu. Wa kwanza hukidharau. Wa pili hukiuza kwa hasara akadhani amefanya biashara. Mimi nilipata kuwa adui wa pili. Habari ya makosa yangu ndiyo nitakayoisimulia hapa, kwa kuwa mwalimu anayewaficha wanafunzi wake makosa yake huwanyima somo lililomgharimu kuliko yote.

Nilizaliwa Lamu, nikaenda bara kusomea ualimu chuoni, kisha nikarudi kufundisha nyumbani. Siku moja rafiki niliyesoma naye chuoni alikuja kunitembelea, akaniletea zawadi ya chokoleti. Sanduku lake lilikuwa la rangi ya dhahabu, limefungwa utepe, na ndani yake vipande kumi na viwili vililala, kila kimoja katika kitanda chake cha karatasi. Lakini safari ya basi ilikuwa ndefu, na jua la Mokowe halina huruma. Mashua ilipofika gatini Lamu, vipande kumi na viwili vilikuwa vimekwisha kuwa ziwa moja. Mafuta ya kakao huyeyuka katika joto la nyuzi 34 hivi, chini ya joto la mwili wa mwanadamu, ambalo ni nyuzi 37. Ndiyo sababu chokoleti hulainika mdomoni kwa raha, na ndiyo sababu haistahimili safari kama ile. Tulicheka, tukaramba vidole. Lakini hakuna aliyethubutu kulitupa sanduku. Mama alilifuta, akatia ndani yake sindano na nyuzi zake.

Jioni ile ile mjomba wangu alileta halwa. Ilikuwa imefungwa katika kipande cha gazeti kuukuu lililolowa samli. Mgeni alionja kipande kimoja, akanyamaza. Akaonja cha pili, akauliza inauzwa wapi. Nikamtazama mjomba, nikatazama gazeti, nikatazama sanduku la dhahabu. Niliona aibu. Tamu ya wageni ilikuwa imevaa joho, na tamu yetu ilikuwa uchi.

Wasiopata kuiona halwa ikipikwa hudhani ni sukari tu. Wanga hukorogwa katika maji, ukamiminwa katika sufuria kubwa juu ya moto pamoja na sukari. Kisha samli hutiwa kidogo kidogo, na mwishoni iliki, zafarani, lozi au korosho. Tangu hapo mwiko hauna ruhusa ya kusimama. Ukisimama kwa dakika chache, chini huungua na harufu ya moshi huingia katika sufuria nzima. Mpishi hukoroga kwa saa nyingi, kwanza kwa vidole vya mkono, kisha kwa bega, na mwishowe kwa mgongo. Kazi hii ni jamaa ya halwa ya Omani, ambako mgeni hukaribishwa kwa halwa na kahawa. Nasi pwani twaila kwa kahawa tungu, ili uchungu na utamu vipatane. Wingi wa sukari huwanyima ukungu maji ya kuishi, na samli ni siagi iliyokwisha kuondolewa maji yake. Kwa hiyo halwa huvumilia joto na safari ambazo chokoleti haiziwezi.

Nilimwendea mjomba nikamwambia, "Mjomba, tuiuze halwa yako kama inavyostahili." Alijibu, "Mwanangu, halwa yangu huliwa harusini na matangani. Wanaoijua hawahitaji kuambiwa." Nikasema, "Na wasioijua je?" Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni huja kuutazama. Wakati wa Maulidi, yanayofungamana na jina la Habib Saleh na Msikiti wa Riyadha, mji hujaa watu waliotoka mbali. Wote hawa hutaka kurudi kwao na kitu mkononi. Mjomba alifikiri, akakubali.

Kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, sikutaka kutafuta plastiki nyingine. Nilikwenda Matondoni, kijiji mashuhuri kwa uundaji wa majahazi, ambako wanawake husuka ukili. Huko niliagiza vikapu vidogo vyenye vifuniko. Ndani tulitandika karatasi isiyopenya mafuta. Juu tulitia kibandiko chenye jina la halwa, vitu vilivyomo, uzito na tarehe ya kupikwa. Tulipata leseni na vyeti vya afya vinavyotakiwa kwa watu wanaoshika chakula. Maulidi yalipofika tuliuza vikapu vyote. Nilitembea barabara ya pwani kama nahodha aliyerudi na shehena ya lulu.

Usiku nilikaa kuhesabu. Kwa kila shilingi 100 zilizoingia, shilingi 94 zilikuwa zimekwisha toka kwa samli, zafarani, lozi, sukari, kuni na vikapu. Zilibaki sita. Niliweka bei kwa kutazama bei ya majirani, bila kutazama gharama zetu. Na katika daftari langu hapakuwa na mstari wa mikono ya mjomba. Nilipomwuliza ujira wake, alisema, "Mkono wangu haununuliwi dukani, hauna gharama." Mtoto wake wa kiume alikuwa ameketi karibu. Alikuwa ameiacha sufuria mwaka uliopita akaenda kubeba mizigo gatini, maana gatini jasho lilikuwa na bei. Sikuyaelewa macho yake usiku ule.

Badala ya kuitengeneza hesabu, niliiharibu halwa. Hili naliungama. Bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni aliagiza vikapu vingi kwa bei ndogo, nami sikutaka kumkosa. Nilinunua mafuta ya kupikia yachukue nafasi ya nusu ya samli, na rangi ya unga ichukue nafasi ya zafarani. Ua moja la zafarani hutoa nyuzi tatu tu, na huchumwa kwa mkono. Si ajabu kuwa ni ghali, wala si ajabu kuwa mwongo huanza kwa kuikimbia. Mjomba aliitazama rangi ile. "Wewe ndiwe uliyesoma," alisema, akakoroga. Hakusema neno jingine mpaka sufuria ilipoteremshwa.

Vikapu vichache vilisalia, navyo nikampelekea bibi mmoja mzee wa mtaa wetu aliyeagiza halwa kwa posa ya mjukuu wake. Kesho yake alikuja mwenyewe, akaketi darakani kwetu, akaweka kikapu miguuni pangu. "Mwalimu," alisema, "hii ni halwa ya macho. Nirudishie ile ya mdomo." Hakupaza sauti. Laiti angalipaza! Mjomba alikuwa ndani, alisikia. Alitoka, akamwomba radhi yule bibi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Nilimrudishia bibi fedha zake, na yule bwana wa nyumba ya wageni nikamweleza kweli, nikakosa biashara yake. Mjomba alikaa majuma mawili bila kugusa mwiko. Siku ya kumi na tano nilimpelekea daftari jipya. Lilikuwa na mistari mitatu: vitu, mikono, na jina. Mstari wa vitu ulikuwa na samli safi na zafarani ya kweli. Mstari wa mikono ulikuwa na ujira wa kila saa ya kukoroga, wake na wa msaidizi wake. Mstari wa jina ulikuwa akiba ya kurudishia fedha za kila kikapu kilichopungukiwa na sifa. Jumla yake ilikuwa karibu mara mbili ya bei yetu ya zamani. Aliisoma polepole, akasema, "Hakuna atakayenunua." Nikajibu, "Basi tupike kidogo."

Tulipika kidogo. Tulipunguza kikapu kikawa cha robo kilo, ili anayetaka zawadi asishindwe. Hatukumwambia mtu kuwa halwa yetu ni bora. Tulimpa kipande cha kuonja na kikombe cha kahawa tungu, tukamwacha ulimi wake umwambie. Wengi waliuliza bei wakaenda zao. Wachache walinunua, na wachache wale walirudi pamoja na ndugu zao. Bibi yule aliagiza kwa harusi yenyewe. Hatukutajirika, na mimi bado naishi kwa chaki yangu. Lakini siku ya malipo ya kwanza mjomba alishika ujira wake mkononi kitambo kirefu, kama mtu anayepima uzito wa kitu asichopata kukipima. Mwezi uliofuata mtoto wake aliacha gati, akarudi kushika mwiko upande wa pili wa sufuria.

Wanafunzi wapenzi, wengi wenu mtauza kitu siku moja: samaki, mkeka, shairi au elimu yenu. Kivisheni vizuri mnachokiuza, maana mnunuzi hutangulia kuona kabla ya kuonja. Lakini vazi lisiahidi kisichokuwamo. Na mnapopanga bei, msiusahau mstari wa mikono. Kazi isiyoandikwa katika daftari huonekana kama haikufanywa, na watoto wanaoiona haina bei huikimbia. Sanduku la dhahabu bado liko kwa mama na sindano zake. Kando yake sasa kuna kikapu kitupu cha ukili, nacho pia amekataa kukitupa.