Vibakuli vya Ruanda

Apitaye katika kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, wakati wa adhuhuri, huona malori kabla ya kuona watu. Makaa ya mawe ya Ngaka yalianza kuchimbwa mwaka 2011, na tangu hapo njia iliyokuwa ya wakulima imekuwa pia njia ya shehena nzito. Penye madereva hapakosi jiko. Vibanda vya mama ntilie vimeota kando ya barabara, na kimoja, chenye mabenchi manne na paa la bati, hujaa kupita vingine vyote.

Sababu ya kujaa kwake si ugali, maana ugali ni ule ule kila mahali. Sababu ni vibakuli. Mlaji huwekewa ugali, kisha huzungushiwa vyombo vidogo vidogo: maharage yaliyochemka hata mchuzi ukawa mzito, dagaa wa Ziwa Nyasa waliokaangwa kwa nyanya, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na pilipili iliyopondwa kwa chumvi na ndimu. Kikiisha kimoja huongezwa, wala bei haibadiliki. Wakorea wana ada kama hiyo. Vitoweo vyao viitwavyo banchan hupangwa katikati ya meza pamoja na wali, na mikahawani aghalabu huongezwa bila malipo. Bibi mwenye kibanda hajapata kusikia habari za Korea. Desturi yake aliitoa karibu zaidi.

Zamani Wamatengo walikuwa na sengu. Watu wa ukoo mmoja walikutana kwa mkubwa wao, na kila mke akaleta chakula kutoka nyumbani kwake ili kiliwe pamoja. Hapo hapo mashauri yalikatwa na vijana wakafundishwa adabu, na asiyekuwa na kitu akala bila kuulizwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipoitafiti milima ya Umatengo pamoja na wenzao wa Japani katika miaka ya 1990, sengu ilikuwa imekwisha kudhoofika.

Siku moja ya mwezi wa Machi, kahawa ingali mbichi mitini, mzee mmoja alikuwa akila kwa deni. Jina lake lilikuwa daftarini tangu mwaka uliotangulia. Wakaingia madereva watatu, fedha mkononi, wasione pa kukaa. Mzee akaanza kuinuka.

"Keti, baba," bibi alisema. Akawageukia wageni: "Sogeaneni, wanangu. Vibakuli ni vya wote."

Mmoja wao akauliza kama hapo ni hotelini au matangani. Wakatoka wote, wakaenda kibanda cha pili. Pengine mwanauchumi angemlaumu bibi, na hangekosa hoja, kwa kuwa jioni ile alikuwa akidaiwa na mwuza dagaa. Lakini lililomwuma zaidi ni kwamba mzee alinawa kabla ya kumaliza ugali wake, na kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Siku ya nne alikuja mjukuu wake na mfuko wa maharage. "Shikamoo, bibi. Babu kasema hili ni deni."

Bibi aliyamimina katika ungo. Yalikuwa yamechaguliwa, hayana tundu hata moja, tena yamepakwa majivu. Machi ndio mwezi wa kupanda maharage katika ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huyapanga mitelemkoni ili mvua isichukue udongo. Akatambua kuwa ni mbegu. Kuyapika hakuweza, na kuyakataa yote kungekuwa kumtukana mzee mara ya pili.

Akapima nusu, akaiweka kando, akafungua daftari, akaandika. Nusu ya pili akaifunga tena katika mfuko. "Mwambie babu hesabu yake haikufika huku. Alikosea kupima."

Ilikuwa imefika, na kupita. Siku iliyofuata, kabla malori hayajashuka, mzee alikuwa amekaa mwisho wa benchi, akiomba aongezewe pilipili.