Meza za Whitechapel

Zama zile za mwanzo wa miaka ya 1960, tulipokuwa vijana wa Unguja na Mombasa tukitafuta elimu London, taabu yetu kubwa haikuwa baridi wala ukungu, bali nyama. Maana mabucha ya halali yalikuwa haba mno, na wengi wetu tulilelewa katika nyumba ambazo nyama ya mchinjaji asiyejulikana haiingii jikoni. Ndipo waliotutangulia walipotukumbusha kuwa Kurani, katika Sura ya Al-Maida, imehalalisha chakula cha Ahlul-Kitabi, yaani Wayahudi na Wakristo, wakatupeleka Whitechapel, mtaa wa mashariki ambao Wayahudi waliokimbia mateso ya Urusi tangu mwaka 1881 waliufanya maskani yao.

Huko palikuwa na mkahawa wa Bloom's, ulioasisiwa na Morris Bloom, mtu wa Lithuania, katika Brick Lane mwaka 1920, ukahamia Whitechapel High Street mwaka 1952. Nyama ya ng'ombe iliyolowekwa siku kadhaa katika maji ya chumvi, kisha ikachemshwa hata ikalainika, ilikatwa mbele ya macho yako ikaletwa na mkate, haradali na achari ya matango. Baadaye huja chai ya rangi yenye kipande cha limau, kwani sharia ya Kiyahudi haikubali nyama na maziwa vikutane katika mlo mmoja. Na sisi wana wa chai ya maziwa tulinung'unika, ingawa mimi niliishia kuipenda. Samaki wao wa kukaanga, wanaoachwa wapoe ndipo waliwe, sikuwazoea kamwe: mtu wa pwani samaki humla moto.

Kisha mtaa ukahama. Mabomu ya vita vya Hitler yalikuwa yamekwisha kubomoa nyumba nyingi, na waliosalia, kadiri neema ilivyowafungukia, walihamia Golders Green, Stamford Hill na Ilford, wakaacha nafasi kwa Wabengali wa Sylhet. Lile jengo la Brick Lane lililojengwa mwaka 1743 na Waprotestanti wa Kifaransa kuwa kanisa, ambalo nililikuta sinagogi, lilifunguliwa kuwa msikiti mwaka 1976, nami nimesali humo. Bloom's ya Whitechapel ilifungwa mwaka 1996, na tawi lake la Golders Green mwaka 2010. Nikahuzunika kuliko inavyomstahiki mgeni. Sasa bucha la halali liko kila upande, na Myahudi mshika dini ndiye asafiriye kutafuta mlo wake.

Mojawapo ya maduka ya Kiyahudi yaliyobaki katika Brick Lane ni Beigel Bake, iliyofunguliwa mwaka 1974, isiyofunga usiku wala mchana, ikiuza mikate ya duara yenye tundu katikati, inayochemshwa kwanza ndipo iokwe. Wauza nyama pia, lakini kwa kuwa haiko chini ya usimamizi wa marabi, mimi huagiza mkate wa samoni na jibini laini.