Flashi Iliwaka Yenyewe, Tukamlaumu Binti

Jumapili ya kipaimara ni siku kubwa katika usharika wetu. Vijana huvaa nguo nyeupe, ndugu hutoka mikoa ya mbali, na wapiga picha wa mitaani hufurika wakitafuta riziki. Mwaka 2022 sisi akina mama wa kamati tuliona kwamba picha hizo zinawalemea wajane na wale wanaolea yatima. Tukachangishana, tukanunua kamera iliyokwisha kutumika pamoja na flashi yake ya nje, yaani ile taa inayochomekwa juu ya kamera. Kazi ya kupiga picha tukampa binti mmoja wa kwaya ya vijana. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, analelewa na bibi yake, na hakuwa na shughuli. Tulifurahi kwamba tumewasaidia wengi kwa mpango mmoja.

Siku ilipofika, vijana walipiga magoti mbele ya madhabahu. Mchungaji alipoanza kuwawekea mikono na kuwaombea, flashi yetu ikawaka. Ikawaka tena, kisha tena. Watu wakafumbua macho. Binti alikuwa ameketi benchi la mbele, kamera mapajani, uso umemwiva kwa aibu. Mama mmoja ambaye mwanawe ana kifafa alimfunika mtoto kwa kanga akatoka naye nje haraka.

Baada ya ibada tulimwita binti nyuma ya ofisi ya usharika.

"Mama, sikubonyeza," alisema. "Nikibonyeza haiwaki. Nisipobonyeza ndiyo inawaka."

Tulimwambia asitufanye watoto. Mmoja wetu akatamka neno kuhusu malezi ya watoto wanaokulia kwa bibi, na sisi wengine tukanyamaza. Kunyamaza kwetu kulikuwa ni kukubali. Tukamnyang'anya kamera pale pale, wanakwaya wenzake wakiangalia. Jumapili iliyofuata hakuonekana kwaya, wala ile iliyofuata.

Kamera tukampa kijana mwingine, mtoto wa mzee wa kanisa. Baada ya wiki tatu kulikuwa na harusi. Bwana na bibi arusi walipokuwa wakiombewa, flashi ikawaka yenyewe vile vile. Safari hii tulitazamana tukasema, "Jamani, flashi hii ni mbovu." Hakuna aliyemwita yule kijana nyuma ya ofisi. Hakuna aliyeuliza kalelewa wapi.

Usiku ule baadhi yetu hatukupata usingizi. Kosa lilikuwa lile lile. Mikononi mwa mjukuu wa bibi maskini tuliliita utundu, na mikononi mwa mtoto wa mzee wa kanisa tukaliita ubovu wa kifaa.

Miongoni mwetu tumo wauguzi. Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa akifika, kwanza umsikilize anavyojieleza, kwa sababu mara nyingi ugonjwa wenyewe umo ndani ya maneno yake. Yule binti alikuwa ametueleza kila kitu kwa sentensi mbili, nasi hatukumsikia. Basi Jumamosi tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu, tukaiweka flashi mezani na kuichunguza kama mgonjwa, jambo moja baada ya jingine.

Kwanza tuliichomoa kwenye kamera, tukaiwasha na kuiacha peke yake. Tuliingoja robo saa nzima, haikuwaka. Kwa hiyo haikuwa inajifyatua bila kuchokozwa. Kama ingefanya hivyo, tungeizima, tungetoa betri na kuipeleka kwa fundi. Wala mtu asijaribu kuifungua flashi nyumbani. Ndani yake kuna kifaa kinachohifadhi umeme, na umeme huo hufikia volti 300 hivi, nao waweza kubaki hata betri zikishatolewa. Ile mashine ya hospitali inayoshtua moyo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo ya kuhifadhi umeme na kuutoa kwa mara moja. Flashi ni ndogo zaidi, lakini si kitu cha kuchezea.

Pili tulitazama betri. Tuliweka mpya nne za aina moja, bila kuchanganya mpya na kuukuu, tukapangusa unga mweupe uliokuwa umeganda kwenye vishikizo. Hali haikubadilika.

Tatu tuliangalia mguu wa flashi, pale inapoingia kwenye kamera. Chini yake kuna vidoti vya chuma. Kidoti cha katikati kikiguswa na kitu cha chuma kinachogusa pia ukingo wa chuma ulio pembeni, flashi hudhani imeamriwa na kamera, ikawaka. Unyevu, kutu, hata pini au sarafu iliyo mfukoni pamoja nayo huweza kuleta hitilafu hiyo. Tulivipangusa kwa kitambaa kikavu. Vilikuwa safi.

Nne tulijiuliza kama kuna kifaa cha redio kinachoiamuru. Wapiga picha wengine huwasha flashi zao kwa mbali kwa redio ndogo, na watu wawili wakitumia namba moja ya mawasiliano, huyu huwasha flashi ya yule bila kujua. Dawa yake ni kubadili namba. Yetu haikuwa na redio.

Ndipo mwenzetu mmoja akaona herufi ndogo mgongoni mwa flashi: S1. Tulitafuta kitabu cha maelezo, tukakuta kwamba hali hiyo kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya mtumwa. Flashi ikiwekwa hapo haingoji amri ya kamera yake. Ina kijidirisha mbele, na kila kinapoona mwanga wa flashi nyingine yoyote, nayo huwaka papo hapo. Wapiga picha wa studio huipenda hali hiyo, maana taa moja huziamsha nyingine bila waya. Pana na S2, inayofanya vivyo hivyo lakini huuacha upite ule mwanga wa awali ambao kamera nyingi za leo hutoa kabla ya picha yenyewe, kisha huwaka na ule wa pili.

Tukafanya jaribio. Mmoja alisimama upande wa pili wa sebule na kamera ndogo yenye flashi yake. Alipopiga picha, flashi iliyokuwa mezani ikawaka. Tukaziba kijidirisha kwa kiganja, akapiga tena, ikanyamaza. Tukabonyeza kitufe cha kubadili hali mpaka S1 ikaondoka na herufi M ikatokea. Akapiga mara kumi, haikushtuka hata mara moja. Tukaichomeka kwenye kamera yetu na kubonyeza: ikawaka vizuri.

Sote tukakaa kimya. Siku ya kipaimara kanisa lilijaa wapiga picha, na kila mmoja wao alipopiga, flashi ya yule binti iliitikia. Alipobonyeza mwenyewe, haikumtii. "Nikibonyeza haiwaki. Nisipobonyeza ndiyo inawaka." Ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno. Kitufe kile ni laini. Huenda kiliguswa ndani ya mkoba, au sisi wenyewe tuliinunua ikiwa katika hali hiyo.

Jioni ile ile tulikwenda kwa bibi yake. Tulimwamkia, akatukaribisha kwenye mkeka. Tulimweleza yote bila kujificha, hata lile neno la malezi. Bibi alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wanangu, flashi siijui. Lakini mjukuu wangu mlimwaibisha mbele za watu, na hapa hakuna watu."

Tulimwelewa. Jumapili iliyofuata, baada ya mazoezi ya kwaya, tulisimama mbele ya vijana wote, pale pale tulipomnyang'anya kamera, tukamwomba radhi. Hatukusema "kulitokea kutoelewana". Tulisema, "Ulituambia ukweli, tukakuita mwongo." Alilia, nasi pia tulilia. Hakuichukua kamera siku ile. Aliichukua baada ya mwezi mmoja, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuomba kipande cha plasta ya hospitali akakibandika juu ya kile kitufe kisiguswe tena.

Yule mama wa mtoto mwenye kifafa naye tulimtembelea. Tulimweleza kwamba si kila mwenye kifafa hudhurika na mwanga. Kati ya wagonjwa 100, ni kama 3 tu ambao kifafa chao huamshwa na mwanga unaomwekamweka, hasa ule unaomweka kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde. Hata hivyo alifanya vema kuondoka. Pasipo na njia ya kuondoka, mtoto aelekezwe kwingine na azibe jicho moja kabisa kwa kiganja, maana kufumba macho peke yake huenda kusitoshe. Tangu siku hiyo tumewaomba wapiga picha wote wazime flashi zao wakati wa maombi, nao wamekubali bila ugomvi.

Akina mama wenzetu, wengi wetu hatuna flashi nyumbani. Lakini tunao watoto, na tunao mabinti wanaotusaidia kazi. Kikombe huvunjika, fedha hupungua kwenye pochi, pasi huunguza nguo, na mara moja tunajua nani wa kulaumiwa. Mara nyingi ni yule asiye na mtu wa kumtetea. Ile Jumamosi kazi ya kutafuta ukweli haikutuchukua hata saa mbili, na mwanzo wake ulikuwa yale maneno aliyotuambia binti siku ya kwanza. Tungemsikiliza siku ile, asingekaa karibu miezi miwili nje ya kwaya.

Kila tunapoiona plasta ile juu ya flashi tunamwomba Mungu atupe masikio kabla ya midomo.